Somo la Ishirini na Tano

Lamzira hufungua mlango, hufunga mlango.
Kibanda kimoja chapanda, kingine chashuka,
kamba ileile, miaka thelathini na miwili,
na chini kabisa mto Kvirila, mweusi kwa vumbi la mgodi,
waipita Chiatura kama mtu asiyetaka kusalimiwa.

Mpwa wake alimpa simu kuukuu
iliyopasuka kioo kama barafu ya Machi,
akamwonyesha pa kubonyeza: masomo ya sayansi, shangazi,
mamia, na yote bure.
Laiti angejua Kiswahili, ningemtahadharisha:
neno hilo lina nyuso mbili,
kisicholipiwa, na kisichofaa kitu.

Alianza na video. Betri ikalalamika.
Akabaki na sauti, waya katika sikio moja,
la pili akiliachia kengele ya kituo cha juu.
Mwalimu hajitaji jina. Anarekodia jikoni, hilo ni hakika:
birika lachemka katikati ya kanuni ya mvutano,
mbwa abweka, mtoto aomba maji,
naye husema, "Ngoja kidogo, mpenzi. Tulikuwa wapi?
Naam. Kila kiangukacho..."
Lamzira humjibu kwa sauti. Abiria wameshazoea.

Somo la tatu lilimchekesha peke yake hewani,
mita mia juu ya mapaa:
kinachoshuka ndicho kinachokivuta kinachopanda,
mota hulipa tofauti tu,
gunia la viazi, bibi mmoja mnene.
Kumbe siku zote tunabebana!

La ishirini na tano aliliwasha Jumanne, theluji ikiyeyuka.
Manganisi. Protoni ishirini na tano.
Akanyoosha mgongo: hiki ni chetu.
Hata mwili waihitaji, alisema mwalimu, chembe tu.
Kisha akashusha sauti.
Vumbi lake likivutwa miaka na miaka
huenda hadi ubongoni, likaketi penye usukani wa mikono.
Mikono hutetemeka. Uso hukakamaa.
Mtu hutembea kwa ncha za vidole, kama jogoo.
"Na majirani," alisema, "hudhani ni pombe."

Kibanda kikafika juu. Hakufungua mlango.

Nugzari. Kikombe kikigonga meno ya Nugzari.
Nugzari akimwaga supu siku ya ubatizo,
naye, mkewe, akimkanyaga mguu chini ya meza:
hata leo? hata leo umekunywa?
Na yeye akimtazama tu,
kwa uso ambao haukumtii tena.
Walimzika na aibu isiyokuwa yake.

Watu wakagonga kioo.
Katika sikio lake birika likapiga mluzi.
"Tuendelee," alisema mwalimu.
Yeye akarudisha nyuma, dakika ya kumi na moja,
mara nne.

Lilimjia bure, somo hili,
au lilimjia bure?
Usiku kucha neno lilimgeuzia uso huu, likamgeuzia ule.

Saa kumi na mbili alfajiri zamu ya kwanza ikapanda,
vijana saba, barakoa zikining'inia shingoni
kama leso za watoto wanaokula.
Lamzira akachomoa waya,
akaiweka simu juu ya benchi, sauti mpaka mwisho.
"Redio gani hii?" Ramazi akacheka.
Mwingine akauliza kama kuna muziki.
Hakuwajibu. Aliitazama kamba.

Walipofika kwenye jogoo, hakuna aliyecheka.
Ramazi alikuwa akiitazama mikono yake,
akiigeuza, kama mtu aliyeokota glavu njiani.

Juu, Lamzira alifungua mlango.
Upepo ukaingia. Hakuna aliyetoka.
Somo lilikuwa bado, dakika nne zimebaki,
mbwa akibweka huko jikoni,
na mtoto, kwa mara ya pili, akiomba maji.

"Mpe maji huyo mtoto," akasema Ramazi,
akiiambia simu.